Machale ya Chumba cha Shabu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua za msimu zimeanza leo asubuhi, na mume wangu amenikabidhi kijitabu hiki akisema, "Mke wangu, mimi ni fundi viatu. Kila msimu wa mvua unanilisha habari za tope mpaka naziota. Mwaka huu msimulie huyu." Haya basi, wewe kijitabu, kaa sawa.

Nafanya kazi kwenye mtambo wa maji. Maji ya mto yanaingia langoni machafu, yanatoka upande wa pili unaweza kumpa mtoto mchanga. Hapo katikati nipo mimi. Chumba changu kinaitwa chumba cha shabu, na kazi yangu ni kusema tutie shabu kiasi gani ili tope lishikane, lizame, maji yabaki meupe juu. Ikipungua, tope linapita. Ikizidi, maji yanakuwa makali na tope linagoma vilevile. Nachota maji ya mto kwenye gilasi sita, kila moja naitia kipimo chake cha shabu, mashine inazikoroga kwa pamoja, nami natazama ipi itasafika vizuri zaidi. Miaka ishirini na miwili natazama. Kuanzia mlinzi wa getini mpaka mhasibu wananiita Mama Shabu, na wote wanajua huwa sisubiri gilasi zitulie. Nazitazama nusu dakika, machale yananicheza, nasema: namba nne. Inakuwa namba nne.

Sijisifu. Ah, najisifu. Kijitabu ni changu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nilisema namba tatu. Ikawa namba tatu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimwandike mwenzangu wa chumbani, maana nitamtaja sana. Ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mpole, ana mwaka wa nane hapa. Tunamwita Daftari. Anaandika kila kitu: kina cha mto, joto la maji, saa aliyokuja, saa aliyokunywa chai. Mimi nikisema namba nne, yeye anasubiri dakika thelathini gilasi zitulie, anapima, anaandika, halafu ananiambia, "Ni kweli, mama, namba nne." Kana kwamba nilimuuliza!

Ni mtu mwema. Ila machale hana hata ya kujua chai imepoa.

Mhandisi mpya, bosi wetu tangu mwezi uliopita, ametangaza mambo mawili. Kwanza, mvua zikiisha chumba cha shabu kitakuwa na mkuu mmoja rasmi, mwenye barua na mamlaka. Pili, Jumatatu anakuja mshauri wa mambo ya tabia, kutupima kila mtu ni wa aina gani, ili tupangwe panapotufaa. Watu waligeuka kunitazama aliposema habari ya mkuu wa chumba. Mimi nikajifanya natafuta kalamu.

Jumatatu, 10 Machi

Mshauri ni mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, kavaa miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani. Alituketisha karakana nzima, mafundi wa pampu na mafuta yao mikononi, akasema hivi. Kila mtu ana namna ya kupokea mambo na namna ya kuyaamua. Wapo wanaopokea kwa kilichopo: walichokiona, walichokigusa, walichowahi kukikuta huko nyuma. Wapo wanaopokea kwa ono: jambo linawajia zima zima, wala hawajui limepitia mlango gani. Kwenye kuamua, wapo wanaopima kwa hoja, na wapo wanaopima kwa watu na kile moyo unachokithamini. Wote tuna vyote vinne, ila kimoja ndicho kinachotangulia na kingine kinajikokota nyuma.

"Mimi ono," nikasema. Alikuwa hata hajamaliza.

"Subiri fomu, mama," akasema.

"Hawa hapa ni mashahidi."

Karakana nzima ikacheka, fundi mkuu wa pampu akapiga makofi. Mshauri akacheka pia, akagawa fomu mbili kwa kila mtu. Moja ya kujijaza wewe mwenyewe, ya pili ya kumjaza mwenzako wa karibu. Mimi nilimjazia Daftari na yeye akanijazia mimi. Nilimwandikia mambo mazuri, kwamba ni mwaminifu na hachelewi. Penye ono nikaweka sifuri. Sikuwa na ubaya, nilikuwa nasema kweli.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekasirika, kwa hiyo mwandiko uwe hivyohivyo.

Majibu yametoka. Kwenye fomu yangu mwenyewe mimi ni ono juu mpaka kwenye dari. Kwenye fomu aliyonijazia Daftari mimi ni mtu wa kilichopo, na ono ndilo linalojikokota nyuma! Amediriki kuandika kwa maneno: "Habahatishi. Anakumbuka kila kitu alichowahi kukiona." Mimi! Na unajua yeye alijijazia nini? Ono. Nilicheka hapohapo mbele ya Mshauri mpaka nikapaliwa.

Mshauri hakucheka. Alisema fomu si hukumu, na kwamba mara nyingi tunachokionea fahari sicho tunachokitumia. Nikamwambia, mama, wewe umekaa hapa siku mbili, mimi nimekaa miaka ishirini na miwili. Akasema, "Ni kweli." Watu wa sauti ya taratibu wanaudhi sana.

Tukiwa wawili chumbani nikamuuliza Daftari, "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama."

"Sasa mbona umeniandika kama karani?"

Akasema, "Niliandika ninachokiona." Nikasonya, nikatoka nje, mvua ikaninyeshea, nikarudi ndani.

Nyumbani nilimweleza mume wangu yote. Akaendelea kushona soli. "Hayo machale," akasema, "mbona hayakukwambia juzi mvua inakuja wakati umeanika mashuka?" Jamani, mtu umeolewa na adui.

Jumatatu, 17 Machi

Mhandisi amebandika utepe wa rangi kwenye kabati la kila mtu kufuatana na aina yake. Mimi, kwa sababu fomu zangu zinagongana, nimewekewa rangi mbili. Naonekana kama zawadi ya harusi.

Ijumaa, 21 Machi

Tepe zimeharibu watu. Fundi wa pampu aliitwa kusafisha chekeche la lango, linalonasa takataka za mto, akajibu, "Mimi ni kijani, kijani hatupendi kurudiarudia." Mlinzi naye kasema yeye ni mtu wa moyo kwa hiyo hawezi kumzuia mtu kuingia. Mhandisi alifoka leo mpaka sauti ikakatika, na jioni tepe zote zikawa kwenye ndoo ya taka. Nimefurahi. Ila fomu bado ziko kwenye faili lake, na barua ya mkuu wa chumba bado haijaandikwa.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua kubwa. Tope zito, rangi ya matofali. Nilisema namba sita, ikawa namba sita. Daftari akaandika. Nikamwambia, "Andika na hili: machale." Akaandika kweli! Sikujua nicheke au nimpige kibao.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Namba sita tena. Hatusemeshani sana.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua haijakatika siku tatu, lakini maji yanazidi kuwa mepesi. Kazi imekuwa rahisi, leo namba mbili imetosha. Mhandisi amesafiri kwenda mkutanoni makao makuu, kaniachia zamu na sahihi. Nilitembea uani kama mwenye mali.

Alhamisi, 3 Aprili

Nitaandika polepole, maana ya leo nataka niyaseme sawasawa.

Saa moja asubuhi nimeingia, nikamkuta Daftari amesimama dirishani, hajaandika kitu. Ukurasa wa leo mweupe. Nikajua kuna jambo, kwa sababu mtu huyu aliandika hata siku aliyofiwa na baba yake.

"Mama," akasema, "tufunge lango."

Niseme lango ni nini. Ndilo linaloingiza maji ya mto kwenye mtambo. Ukilifunga, mji unakunywa kilichomo kwenye tangi la mlimani tu, siku moja na nusu kama limejaa, na hospitali nayo inategemea humohumo. Halifungwi mpaka mto upite alama nyekundu, au mkuu wa zamu atie sahihi. Leo mkuu wa zamu ni mimi, na mto ulikuwa chini ya alama.

"Kwa nini?"

"Kuna kitu kinakuja."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Najua tu."

Nilimtazama nikidhani ananitania, ananilipizia habari za fomu. Hakuwa anatania. Alikuwa na jasho juu ya mdomo.

Nikamwambia, "Sikiliza mwanangu. Mimi ndiye mwenye machale kwenye chumba hiki, na machale yangu yamenyamaza."

Na nilipolisema hilo, kuna kitu kikanichoma. Kweli yalikuwa yamenyamaza, kabisa. Nikaanza kujiuliza ni lini yamewahi kunicheza kwa jambo ambalo sijawahi kulikuta. Sikupata hata siku moja. Kila mara ilikuwa tope nililowahi kulitazama, rangi niliyoijua, namna ile ile ya mabonge kushikana. Nilihisi kama mtu aliyeingia sebuleni kwake akakuta viti vimegeuzwa.

Daftari akasema, "Mimi nina picha tu, sina sababu. Sababu unazo wewe. Niambie, siku hizi mbili umeona nini ambacho si kawaida?"

"Hakuna."

"Mama, niambie chochote."

Nikaanza kwa hasira, ili nimnyamazishe. Mto umeshuka shubiri moja tangu juzi, na mvua inanyesha. Maji yana uvuguvugu, wakati maji ya milimani yakiteremka mvua kubwa huwa yanauma vidole. Yananuka majani yaliyoloa, hayanuki udongo. Na kwenye chekeche la lango, toka Jumanne, nimetoa majani mapana tu, ya bustani za huku chini. Jani la mwanzi hata moja sijaliona, na mianzi iko kule korongoni tu, mto unakoteremkia mlimani, na kila mvua huniletea mianzi mpaka nachoka.

Maneno yangu mwenyewe yalikuwa yamesimama mbele yangu.

"Maji ya korongoni hayafiki," nikasema.

"Kumeziba," akasema Daftari, na uso wake ukalegea, kama mtu aliyetafuta neno wiki nzima akapewa. "Mlima umemomonyoka, umeziba. Maji yanajaa nyuma yake siku tatu sasa. Ndicho hicho. Ndicho ninachokiona."

Yeye alikuwa na jibu bila hesabu, na mimi nilikuwa na hesabu yote bila jibu. Ningekaa nayo hivyo mpaka linidondokee kichwani.

Nilimpigia Mhandisi, simu yake imezimwa. Mwaka mmoja mafuriko yalipoingia ndani ya mtambo, tulichimba tope kwenye matangi kwa koleo siku tisa, na mji ukanywa maji ya madimbwi. Lakini nikifunga halafu kisije kitu, basi nimekatia mji mzima maji kwa sababu mtu kaona picha, na barua ya mkuu wa chumba naisahau. Nilishika kalamu, nikaiweka, nikaishika. Daftari hakunihimiza. Nilitia sahihi.

Tulipiga pampu zote kwa nguvu mpaka tangi la mlimani likajaa, na saa tano kamili tukazungusha usukani wa lango mimi na yeye, mpaka likakaa.

Halafu hakukuja kitu.

Saa sita, hakuna. Saa saba mvua ikakatika, jua likatoka, mto unateremka safi kama unanicheka. Fundi mkuu wa pampu akaja kusimama mlangoni, mikono mfukoni. "Mama Shabu, lango vipi?" Nikamwambia aende akale. Hospitali wakapiga. Saa nane Mhandisi akapiga, akiwa kwenye mapumziko ya mkutano, na sauti yake niliiweka mbali na sikio.

"Mto hauna tope, hauna maji mengi, umefunga kwa nini?"

"Kumeziba korongoni, bwana mkubwa."

"Nani amekwenda kuona?"

"Hakuna."

"Basi fungua! Sasa hivi!"

Nilimtazama Daftari. Alikuwa amekaa kwenye kiti, mikono magotini, mweupe midomo. Ningeweza kumsingizia. Nikasema, "Nipe mpaka saa kumi. Sahihi ni yangu, na mimi ndiye nitakayejibu." Nikakata simu. Sijawahi kumkatia bosi simu maisha yangu yote.

Saa tisa kasoro dakika kumi tulisikia ngurumo kabla ya kuona kitu. Daftari alisimama. Tukatoka uani wote, na kule kwenye kona ya mto tope likaja limesimama wima, na miti ndani yake, na mawe, na mianzi. Mianzi yangu yote ya siku tatu! Tope likapiga lango, ardhi ikatetemeka, lango likakaa. Mto ukapita alama nyekundu na kuifunika. Fundi mkuu wa pampu alikaa chini kwenye majani mabichi, akashika kichwa. Daftari alilia, na mimi nikamshika bega, nikajifanya nalia kwa sababu ya moshi, na hakuna moshi.

Ijumaa, 4 Aprili

Lango tumelifungua jioni, kidogo kidogo. Tope la ajabu. Nilikosea mara mbili na gilasi. Tangi la mlimani lilibaki na maji ya saa chache. Mji haukukosa hata tone.

Jumatatu, 7 Aprili

Mhandisi amerudi. Alitukusanya karakana, akasema, "Machale ya Mama Shabu yameuokoa mtambo huu." Makofi, vifijo, fundi wa pampu akaninyanyua juu na uzito huu. Daftari naye alipiga makofi. Nilitabasamu. Nikapokea yote.

Nyumbani mume wangu akaniuliza, "Umeshangiliwa, mbona umeshika tama?" Nikamwambia nimechoka.

Jumanne, 8 Aprili

Sikuchoka. Nimekwenda kwa Mhandisi kabla hajavua koti. Barua ya mkuu wa chumba ilikuwa mezani, jina langu juu, sahihi yake chini. Niliisoma ikiwa imegeuka juu chini, nikatamani kunyamaza. Nilitamani kweli, siandiki uongo.

Nikamwambia, "Hayakuwa machale yangu. Aliyeona ni Daftari. Mimi nilikuwa na majani tu." Nikamweleza yote, mpaka nilivyomkatalia mwanzo.

Akanisikiliza. Akaichukua barua, akairudisha kwenye faili. "Basi hii siwezi kukupa leo," akasema.

Nilitoka nimenyooka mgongo.

Jumatatu, 14 Aprili

Daftari ndiye mkuu wa chumba cha shabu. Mhandisi amesema mkuu ni yule anayejua lini afunge lango. Ni haki. Imeniuma. Nimempa mkono mbele ya watu, nikamwita mkuu, na yeye akainamisha kichwa kama mimi ndiye niliyempa barua. Halafu nimekwenda chooni nikalia dakika tano.

Mimi nimepewa kufundisha. Waendeshaji wapya wanne wanakuja. Nikakataa palepale. "Nifundishe nini? Haya mambo yanakuja tu."

Daftari akasema, "Yangu ndiyo yanakuja tu, mama. Siwezi kumfundisha mtu. Ndiyo maana naandika kila kitu, nikitafuta njia yaliyopitia, na sijawahi kuipata. Yako yana njia. Hujawahi kuyauliza tu."

Jumanne, 22 Aprili

Mvua zinapungua. Namba tatu. Nimejiuliza kwa nini tatu. Nimekaa na swali hilo mpaka chai ikapoa.

Jumatatu, 28 Aprili

Leo nimefundisha mara ya kwanza. Wanne wamenizunguka, wawili wanawake na wawili wanaume, kalamu mkononi. Mashine ikakoroga, nikatazama nusu dakika, nikasema, "Namba nne." Mmoja wa wale wanawake, mwembamba, macho makali, akauliza, "Umejuaje?"

Miaka yote hii kila aliyeniuliza hivyo nilimcheka. Leo nimevuta kiti nikakaa, macho yangu sawa na gilasi ya kwanza, nikaanza kusema ninachokiona. Jinsi chembe zinavyoanza kutafutana kabla hazijashikana. Upande wa gilasi unaosafika mwanzo. Mapovu yanakaa muda gani. Ukungu mwembamba unaobaki chini ya uso wa maji shabu ikiwa haba, na ukungu mwingine, wa maziwa, ikiwa imezidi. Rangi ya mabonge ikiwa mvua ni ya jana, na ikiwa ni ya leo. Mabonge yanazama kwa mwendo gani, na yakizama kwa kuyumba maana yake nini. Nilisikia sauti yangu inaendelea na kuendelea, na kila nikidhani nimefika mwisho naona kingine, na vyote nilikuwa navyo, vyote vyangu, na sikuwahi kuviona. Walikuwa wanaandika kwa kasi, hakuna aliyeinua kichwa. Kengele ya chakula ikalia, hakuna aliyeondoka.

Saa mbili nzima, na tulikuwa bado kwenye gilasi ya kwanza.